Visanduku Viwili Vitupu

Jumatatu, 10 Novemba 1875
Mkaguzi kutoka Petersburg anakuja! Alhamisi atatazama majedwali ya elementi. La kwangu likimpendeza, kazi ya mtunza maabara ni yangu, pamoja na chumba chenye jiko la kuota moto. Hapa darini wino umeganda tena. Mpinzani ni mmoja tu, Yevlampi Savich, mwalimu mwenzangu. Mwendo wa konokono, ndevu za askofu.

Jumanne, 11
Nimechungulia la kwake. Nimecheka mpaka mbavu zinauma! Baada ya zinki kaacha visanduku viwili vitupu. Nikamuuliza kama wino umemwishia. Akasema, ah, Nikanor Fomich, ndugu yangu, hivyo vina wenyewe, hawajafika tu. Eti elementi hupangwa kwa uzito, lakini kila mmoja sharti akae chini ya jamaa yake. Porojo! Mimi waliofuata zinki nimewarudisha nyuma hatua mbili. Langu halina pengo hata moja. Limejaa kama kapu la uyoga!

Jumatano, 12
Mkaguzi kawasili. Nimempelekea pai ya bata bukini, alitazame langu kwanza. Pai imerudi mbio. Leo Jumatano, siku ya kufunga nyama! Nimeila mwenyewe. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Alhamisi, 13
Balaa! Kaanza na langu. Akauliza, je, bwana, bromini kakosa nini hata umtenge na klorini na iodini, ndugu zake wa damu? Nikatazama. Lo! Bromini kakaa chini ya fosforasi. Aseniki, sumu ile, chini ya alumini! Kuziba visanduku viwili tu, ukoo mzima umevurugika. Kisha akatoa gazeti: Wafaransa wamegundua elementi mpya. Jamaa ya alumini. Pa kukaa? Kisanduku kitupu cha Yevlampi! Jamani! Kumjua mgeni kabla hajabisha hodi, hata na uzito wake! Nililitazama jedwali lile, machozi yakanitoka. Sijaona kitu kizuri kama kile. Yevlampi kapewa chumba. Akanikumbatia, akasema njoo uote moto wakati wowote, ndugu yangu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 14
Nimeng'amua! Elementi si kitu, utukufu uko kwenye visanduku vitupu. Nimechora jedwali jipya: elementi saba, visanduku vitupu mia mbili na kumi. Atakayegundua chochote duniani, atakuwa amekikuta kwangu. Nimelituma kwa waziri mwenyewe, na kumwomba chumba chenye majiko mawili. Nimeshafunga virago.