Sauti Yangu Ndani ya Simu ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Balaa. Nesi wa kliniki ya sukari hajui lugha ya Bibi, Bibi hajui ya nesi. Mimi niliyesoma zote mbili ndiye daraja! Nesi akataka nimweleze Bibi namna ya kujichoma sindano ya tumboni, mbele ya benchi zima la wagonjwa. Nikaona aibu. Nikasema nitamweleza nyumbani. Akaniangalia juu ya miwani, akanionya: Bibi akizidisha dawa, sukari itashuka, anaweza asiamke tena.

Jumanne, 5 Machi
Nyumbani pia nimeshindwa. Kumtajia Bibi tumbo lake, uso kwa uso? Programu ya kutafsiri haiijui lugha yetu. Binamu yangu, tunayemwita Kasuku maana mdomo wake hauna kitasa, amejitolea kumweleza. Thubutu! Nesi alinichagua mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Nimejifungia stoo nikarekodi: “Bibi, chukua sindano sasa. Vuta dawa mpaka kumi. Choma tumboni. Kisha ule.” Nimeitia kwenye simu yake, nikamwonyesha pa kubonyeza asubuhi na jioni. Jioni ametii neno kwa neno. Nimechungulia mlangoni. Kasuku kanuna. Raha.

Alhamisi, 7 Machi
Saa moja asubuhi nilisikia sauti yangu chumbani kwa Bibi. Sawa. Nusu saa baadaye jirani akabisha hodi, sauti yangu tena. Kama chura aliyebanwa na mlango! Nikaziba masikio kwa mto. Saa mbili, mara ya tatu. Hata mto haukufua dafu.
Kisha Kasuku akaniita kwa nguvu. Bibi jasho linamchuruzika, macho hayatulii, sindano ya tatu mkononi. Alikuwa akimringishia jirani jinsi mjukuu wake anavyosema, na kila nilipoamuru, alijichoma. Kasuku akampokonya, akamnywesha maji ya sukari, akaita gari la kumpeleka hospitali. Mimi? Nilisimama kama mlingoti.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi yuko wodini. Anakula, analalamikia godoro. Mungu mkubwa. Kasuku alimuuliza kwa nini alirudia sindano. Bibi hakumtazama yeye, alinitazama mimi.
“Mwaka mzima huyu haniambii neno zaidi ya shikamoo. Leo kanifungulia mdomo, nimkatalie?”
Nesi kaamuru nimweleze Bibi kwa mdomo wangu, naye anirudishie alichoelewa, kila siku mpaka atoke. Kuanzia leo. Na nimwombe radhi. Nikaitikia kwa kichwa.
Nimeomba radhi vizuri sana. Nimerekodi chooni, sauti haikutetemeka hata kidogo, nikamtumia, nikajibanza nyuma ya mlango wa wodi. Ameisikiliza mara nne, anatabasamu.
Basi nikarudi chooni kurekodi maelezo mapya ya sindano, safari hii kwa upole zaidi. Yanaanza hivi: “Bibi mpenzi, chukua sindano sasa.”