Gego la Mwisho na Siku Zangu Tatu za Kulala

Jumatatu, 4 Machi
Daftari langu, niwie radhi. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na mimba. Leo mtoto ana miezi saba na meno mawili. Sikukusahau. Nilikuwa nasinzia.

Habari kubwa: nimepata njia ya kulala! Wifi yangu, dada wa mume wangu, aling'olewa gego la mwisho mwezi uliopita. Siku tatu kitandani! Hakuinua hata kikombe. Mama mkwe akamlisha supu kwa kijiko, mimi nikafua nepi za mwanangu na mashuka ya wifi. Eti daktari kaagiza. Basi na mimi ataniagizia. Magego ya mwisho kila mtu anayo. Nitakosaje?

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza kuumwa saa mbili asubuhi, baada ya chai. Upande wa kushoto, kama wifi. Mwenzangu alifanikiwa, nibadilishe ya nini? Pamba shavuni, kitambaa kichwani. Nilipojitazama kwenye kioo nikajionea huruma mwenyewe.

Mume wangu kaacha mkate nusu, kasema pole mama, kesho nakupeleka. Roho imeniuma. Kidogo tu. Jioni wifi kauliza mbona uvimbe umehamia kulia. Ana macho huyo! Nikamjibu kwamba maumivu ya meno hutembea.

Jumatano, 6 Machi
Kliniki. Dalili nilizikariri zote: fizi inavimba, sikio linavuta, mdomo haufunguki. Nikazimwaga kwa pumzi moja, mdomo wazi kama mlango wa duka. Daktari wa meno, mama wa makamo mwenye miwani, akashika kioo chake kidogo. Nikapiga yowe. Kumbe hajagusa. Akaagiza picha.

Picha akaiweka kwenye taa. Kushoto hakuna kitu! Si juu, si chini. Kaeleza kwamba wapo watu ambao baadhi ya magego hayo hayaoti kabisa maishani, nami ni mmoja wao. Kisha kwa upole kabisa akaniuliza hilo jino linaloniuma nimeliacha wapi.

Kulia chini limeota wima, safi. La juu bado limo ndani ya fizi. Nikamwomba basi ang'oe hilo la chini, maana nimeshapanda kiti. Akakataa! Jino haling'olewi kwa sababu lipo. Linang'olewa likilala ubavu na kusukuma la jirani, likioza pabaya, fizi yake ikivimba mara kwa mara, au pakijitokeza uvimbe wa maji ndani ya taya. Jino zima linapigwa mswaki na kuangaliwa. Kung'oa nako ni kidonda, akasema, si likizo.

Likizo! Nani kamwambia?

Mume wangu alikuwa mlangoni, mtoto begani. Akapiga miayo. Daktari akapandisha miwani, akamchungulia kinywani. Baba, hebu mpe mama mtoto, ukae hapa.

Ijumaa, 8 Machi
Gego la mume wangu limelala ubavu kama mlevi mtaroni! Limebana la jirani mpaka limelitoboa. Miezi mitano anatafunia upande mmoja, hasemi, eti mimi nimechoka vya kutosha. Na mimi ule mkate wa Jumanne nilidhani ni mapenzi. Nimelia. Kisha nimemkaripia: akinificha tena ugonjwa, atanitambua.

Kang'olewa jana. Siku tatu kitandani! Barafu shavuni, vyakula laini, asibebe kizito, na mtoto ni kizito. Asinyonye kwa mrija, damu iliyoganda kwenye shimo isije ikatoka. Nilikuwa nimeshamletea juisi na mrija wake. Nikauchomoa mdomoni mbio. Mama mkwe kaleta supu. Nikafurahi. Akanikabidhi kijiko.

Jumapili, 10 Machi
Mgonjwa hajambo. Uvimbe unashuka, anakoroma. Mimi na mtoto tuko macho. Wifi kapita mlangoni kuuliza, eti wifi, lile gego lako la hewani limepoa?

Hajui mwenzake nina nini mkononi. Daktari kasema nirudi baada ya miezi sita, atazame lile la juu kulia. Miezi sita ya mazoezi! Na safari hii jino lipo, lina picha kabisa. Nimeshamwandikia dada yangu mkubwa anitumie vitu hivi: pamba pakiti mbili, kwani ile ya kwanza iliisha Jumanne, kitambaa kipana cha kufungia taya, kiwe cheupe, cheusi kinaleta msiba, uzi mwekundu wa kufunga kidole cha mkono wa kulia, nisikosee tena upande, na mto wangu mdogo wa tangu usichana. Mto utangulie.