Nyumba ya Magogo, Kilungu

JUMAMOSI, 18 OKTOBA 1986
Bado siamini. Mumbua, mke wangu, yuko kwao Migwani tangu ukuta wetu wa udongo uangukie kitanda (bahati alikuwa kanisani). Leo ametuma neno: harudi mpaka kuwe na nyumba ya kusimama mvua ikinyesha. Tena baba yake, Mzee Nzomo, atakuja kuikagua mwezi ujao. Kunikagua mimi, mtu mzima!

Jirani yangu Kivuva akasema nichukue matofali yaliyobaki alipojenga nyumba yake, nami nimlipe kwa kumsaidia kulima. Nikakataa. Niwe mkia wa Kivuva? Nina kalenda ya kampuni ya matrekta. Picha ya Oktoba: nyumba ya magogo, mlimani, theluji hadi dirishani. Kwani hapa Kilungu si mlimani? Mumbua akiiona atalia kwa furaha.

JUMANNE, 21 OKTOBA
Askari wa msitu amenifukuza. Ati miti ni ya serikali! Yote! Nimerudi, nikakaa nikiangalia fensi yangu ya miti. Haki ya Mungu, si magogo hayo? Ile miti minene, laini, ambayo unakata tawi na kulichomeka tu ardhini. Panga mara mbili, chini. Nimekata fensi nzima, na upande wa Kivuva kidogo. Mpaka ni wetu sote.

JUMAMOSI, 25 OKTOBA
Kwenye kalenda magogo yamelazwa moja juu ya lingine. Yangu yanabiringika. Moja limeteremka mpaka kwa Kivuva, likaua kuku. Nilishtuka kuliko kuku. Nikabadilisha mpango: nimeyachimbia yakiwa wima, bega kwa bega, mabati juu. Kivuva akaja kuuliza habari ya kuku, akaona ukuta, akasahau kuku. Akaniuliza kwa upole kama kweli nimejenga na miti ya fensi. Nikamwambia wivu ni dhambi. Akashika kichwa, akaenda zake.

JUMATATU, 3 NOVEMBA
Mvua tangu Ijumaa! Hakuna gogo lililotikisika. Kitanda kikavu! Nimeimba nyimbo za kanisa kwa nguvu ili Kivuva asikie. Nimetuma neno Migwani: Mumbua afunge sanduku.

ALHAMISI, 13 NOVEMBA
Wuui! Nimeamka kitu kikinipapasa shavu. Jani. Jani bichi, limetoka ukutani! Nyumba imechipua! Kuta zote nne! Dirisha halifungiki, tawi limepita. Nimenyofoa kutwa nzima, mikono inanuka utomvu. Kivuva amepita, akaangalia, akakaa chini kabisa kwenye matope akicheka. Akasema matofali bado yapo. Nikaendelea kunyofoa.

JUMAMOSI, 15 NOVEMBA
Majani yamerudi yote! Na leo ndiyo siku ya ukaguzi. Lakini kichwa changu hakilali. Mbuzi wanapenda sana majani hayo. Nikawaita wa Kivuva (fensi haipo, wanakuja wenyewe), wengine nje, wengine ndani. Walikula vizuri ajabu. Nyumba ikawa safi kama ya kalenda. Kutoka ndiko walikokataa.

Ndipo Mzee Nzomo akafika, Mumbua nyuma yake, sanduku kichwani. Mzee akagonga magogo kwa fimbo, akachungulia mbuzi, akanishika mkono. Akanisifu! Akasema tangu azaliwe hajaona zizi la mbuzi zuri namna hii. Kisha akauliza nyumba iko wapi.

Mumbua akaingiza kichwa mlangoni, akaona kitanda chetu na mbuzi wawili juu yake. Hakucheka. Akauliza polepole kama nyumba ndiyo hiyo. Nikasema ndiyo. Akajitwika sanduku tena, wakaondoka. Alikuwa amesuka nywele upya. Imeniuma sana, siwezi kudanganya.

JUMAPILI, 16 NOVEMBA
Kivuva amekuja baada ya kanisa na mkokoteni wa punda uliojaa matofali. Hakucheka hata kidogo. Ati tuanze kesho, kwa ajili ya Mumbua. Kuhurumiwa na Kivuva! Afadhali angenipiga. Nimemrudisha na punda wake.

Halafu nikafunua kalenda. Desemba: nyumba ya vioo tupu, kando ya ziwa. Ngai! Kioo hakichipui! Mbuzi hali kioo! Na mwenye duka pale Kasikeu ana chupa tupu magunia kwa magunia.

Nimetuma neno Migwani: Mumbua asifungue sanduku.