Kwa Kamati ya Mazishi Yangu, Kuhusu Suti Mpya

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mazishi Yangu,
Sebuleni.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, kama ilivyoniacha mimi, ingawa naelewa kwamba uzima wangu unawavurugia ratiba.

Nakuita Ndugu Mwenyekiti, ijapokuwa wewe ni mwanangu wa kwanza na ndimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kiofisi. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Najua kwamba lalamiko lisiloandikwa hujibiwa kwa kikombe cha chai, na humu kitandani nimeshanyweshwa chai ya kutosha. Herufi zikipinda, mlaumu mkono. Akili haijapinda.

Mmekutana mara tatu sebuleni kwangu kupanga maziko yangu, mkidhani nimelala. Ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba. Uliujenga wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, na kazi yako ni ukandarasi, kwa hiyo kama siri zenu zimevuja unajua pa kupeleka lawama. Nimesikia kila kitu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmekutana bila kumwalika mhusika. Hata harusi iliyopangwa ovyo humpa bwana harusi taarifa.

2. Mmenipima kwa hila. Binti yangu muuguzi, ambaye nasikia ndiye mweka hazina wenu, aliingia Jumanne na utepe wa kupimia, akanipima mabega, kifua, kiuno, na urefu wa mguu. Nilidhani ni matibabu. Nikamshukuru! Jioni yake nikamsikia akiwaambieni, “Chukueni ndogo kidogo, Baba anazidi kupungua.” Mkaenda kuchukua namba mbili chini yangu. Yaani mmemnunulia suti mtu ambaye bado sijawa, kisha mnakaa kunisubiri nimfikie.

3. Suti yenyewe. Mmeitundika kwenye mlango wa kabati langu, imevikwa mfuko wa plastiki, mkaniambia ni ya mgeni. Nimelala nayo uso kwa uso kwa siku tisa. Siku ya kumi, mama yenu alipotoka, niliinuka nikishikilia kiti, kisha dirisha, kisha kabati, nikaikagua kama nilivyokuwa nikikagua madaftari ya walimu wavivu.

Bitana imegandishwa kwa gundi. Kila kifungo kimeshikwa na uzi mmoja, na kimoja nilikigusa tu kikabaki mkononi mwangu. Nimekiweka chini ya mto kama ushahidi. Mifuko ya pembeni ni mifuniko mitupu, ukiifunua hakuna mfuko ndani. Mtanijibu kwamba maiti hahitaji mfuko. Hiyo si hoja ya mshonaji, Ndugu Mwenyekiti. Ni hoja ya mwizi.

Najua mlikoinunua. Ni lile duka la vioo jirani na benki, ambako sanamu za dirishani zimevaa vizuri lakini hazina vichwa, nadhani ili wateja wajione wako nyumbani. Muuzaji anakufuata nyuma kama askari magereza, anakwambia “hiyo imekutoa kweli, mzee” kabla hujaingiza hata mkono. Bei imebandikwa, na ukiigusa kwa neno unatazamwa kana kwamba umepiga chafya kwenye sufuria ya watu. Mtu analipa alichoambiwa, anapewa mfuko wenye mpini wa kamba, anatoka anatabasamu. Huko si kununua. Huko ni kutozwa faini kwa hiari.

4. Wasifu wangu. Hapa ndipo palipoiondoa barua hii kwenye malalamiko na kuiingiza kwenye maungamo, kwa hiyo naomba katibu asiruke mistari. Shemeji yangu, anayeandika wasifu, aliwasomeeni kwa sauti ile yake ya kanisani: “Marehemu alikuwa mtanashati wa kupigiwa mfano, suti zake zote alishonewa ng’ambo.” Mkaguna kwa kukubali. Hata aliyekuwa akikusanya vikombe aliguna.

Ni uongo, na mwenye uongo ni mimi. Sijawahi kushonewa kitu ng’ambo. Kila koti, kila suruali, kila tai mliyoniona nayo tangu mkiwa wadogo ilitoka kwenye mitumba. Kila Jumamosi asubuhi nilimwambia mama yenu kwamba nakwenda kukagua shule. Shule gani hukaguliwa Jumamosi? Hakuniuliza hata siku moja, nami nikamhesabu miongoni mwa wake wepesi wa kuamini.

Nilikuwa nakwenda kwa Mama Robota, mwanamke mwenye meza ya tatu kutoka bomba la maji, pale soko la mitumba. Hamjui mlichokosa. Anakata mikanda ya robota la nguo kwa kisu cha jikoni, robota linaachia pumzi, na harufu inatoka ya sabuni za watu msiowajua na ya safari ndefu. Pale hapana mkubwa. Nimesukumwa na wahasibu. Nimekanyagwa na mke wa daktari, naye hakuomba radhi, na mimi nisingeomba. Mkono unazama kwenye lundo hadi begani huku macho yakitazama kwingine kabisa, kwa sababu vidole vinaitambua sufu kabla ya macho.

Ukiipata, usifurahi. Kunja uso kama mwenye jino bovu. Shika kwanza shati lisilo na maana, liulizie, lisikitikie, lirudishe. Kisha liinue lile koti kwa vidole viwili na uulize, “Na hili tambara?” Mama Robota alikuwa akinijibu, “Tambara umelivaa, Mwalimu. Hilo ni koti.” Mnatukanana kwa heshima. Unaondoka hatua kumi. Anakuita ukifika ya nane.

Nilipandishwa cheo mara mbili katika utumishi wangu na sikuruka hata kidogo. Lakini siku niliyoliopoa koti langu la kahawia chini ya mapazia manne, sufu nzito, bitana ya hariri imeshonwa kwa mkono, vifungo vya pembe, mifuko mitano na yote inaingia mkono, nilirudi nyumbani kwa njia ya mbali ili furaha isiniishie mapema. Nikapitia kwa fundi cherehani pembeni mwa posta, anishonee shingoni lebo ya mji wa mbali niliyoikata kwenye koti bovu. Lebo hiyo moja imehama makoti sita. Ndiyo ng’ambo yangu yote hiyo.

5. Hili sasa najilalamikia mwenyewe, na nataka liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Katika shule moja nilimkuta mwalimu kijana, binti wa watu, anafundisha hesabu vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alikuwa na blauzi ya maua yenye doa dogo kwenye kola. Niliijua ile blauzi. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeishika mkononi kwa Mama Robota, nikaiacha kwa sababu ya doa hilo. Nikaandika kwenye ripoti yake kwamba mavazi yake ya mitumba hayana hadhi ya taaluma. Nilikuwa nimelivaa koti la robota lile lile. Hakupandishwa daraja mwaka ule, wala uliofuata.

Nimejidharau kwa jambo hili zaidi ya ninavyoidharau suti yenu, na nadhani mmekwishapata kipimo cha dharau hiyo. Bado yuko hai, ni mwalimu mkuu sasa. Kabla ya maziko mpelekeeni nakala ya kifungu hiki. Akija, mkalisheni mbele. Akikataa kuja, mwambieni mkaguzi amekubali kwamba ana haki.

6. Kutokana na hayo yote, nadai yafuatayo. Suti irudishwe dukani pamoja na kifungo chake. Nizikwe na koti langu la kahawia, mifuko ikiwa wazi, na lebo ya uongo ikiwa imefumuliwa shingoni. Shemeji afute maneno “alishonewa ng’ambo” na badala yake asome, polepole, mbele ya watu wote: “Marehemu alivaa mitumba maisha yake yote, akawadanganya, na hakuna hata mmoja wenu aliyegundua.” Wenye maduka ya vioo wakiwapo, arudie.

Msiniambie kwamba watu watacheka. Watu hao wameniangalia miaka yote na kunisifia mavazi. Walichokuwa wakikisifia ni jicho langu. Fedha zenu zinaweza kununua suti, Ndugu Mwenyekiti, lakini jicho la kuchagua haliuzwi dukani wala halirithiwi, kama inavyothibitishwa na kitu mlichonitundikia hapa mlangoni. Koti la kahawia ndilo cheti changu pekee nilichokipata bila kupendelewa na mtu. Nataka niende nacho.

Mkikataa ombi hili, nitalazimika kuendelea kuishi.

Wasalimieni wajumbe wote. Msalimie mweka hazina na utepe wake. Shemeji mwambieni sauti anayo, ukweli ndio amepungukiwa, nami ndiye niliyempunguzia. Wajukuu wasalimieni mmoja mmoja, pamoja na yule anayekuja dirishani kuniuliza kama nimeshakufa. Ndiye pekee katika ukoo huu anayeuliza ana kwa ana.

Ni mimi, mzazi wako na mteja wa kamati yako,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Tanbihi: Nimeona si vyema mama yenu ayasikie maungamo haya siku ya maziko, kati ya watu. Kwa hiyo kabla ya kufunga bahasha nilimwita, nikamketisha kwenye kiti, nikamsomea barua yote. Kwenye habari za Jumamosi alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikamwomba radhi. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani.

Anasema mwezi wa kwanza wa ndoa yetu alininunulia shati jipya, nami nikamhutubia nusu saa kuhusu maduka, kisha nikalirudisha. Mimi silikumbuki. Yeye anaikumbuka hata hotuba. Tangu siku hiyo, kila nilipohitaji nguo ya maana, alikwenda kwenye lile duka la vioo, akainunua mpya, akakata lebo, akaifua mara tatu, akaikanyagakanyaga sakafuni, akampelekea Mama Robota aifukie kwenye lundo mahali ambapo mkono wangu ungefika. “Na mapazia manne unadhani yalijipanga yenyewe, mzee wangu?” ndivyo alivyoniambia. Walikuwa wakinitazama kutoka nyuma ya bomba la maji, yeye na Mama Robota, nikikunja uso kama mwenye jino bovu. Zile hatua nane ni yeye aliyekuwa akihesabu.

Koti la kahawia lilitoka dirishani, kwenye sanamu isiyo na kichwa.

Nimemuuliza, kwa unyenyekevu ambao hamjawahi kuuona kwangu, kama ni nguo zangu zote. Amenifariji kwamba hapana. Zile mbaya nilizichagua mwenyewe.

Kwa hiyo nafuta kifungu cha tatu na cha sita. Cha tano kibaki kama kilivyo, na nakala ipelekwe kwa mwalimu mkuu leo hii. Kuhusu nguo ya kuzikiwa, muulizeni mama yenu. Nitavaa atakachosema, hata kama ni hiyo ya plastiki, na kifungo kiko chini ya mto.

Limebaki jambo moja. Anasema koti lile aliuziwa kwa nusu ya bei, kwenye duka la vioo, ambako bei haijadiliwi. Nimemuuliza alifanyaje. Amevaa miwani yake, akaniambia nilale, akatoka na chai yangu. Naomba kamati iahirishe shughuli zake zote. Siendi popote mpaka aniambie.