Vigoda Kumi na Viwili vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametangaza mezani kwamba Jumamosi wenzake wa kikundi cha ushonaji wanakuja, na viti havitoshi. Nikadakia kabla sijamaliza kutafuna. Ule mti ulioanguka nyuma ya nyumba, nikasema, nitaukata vigoda kumi na viwili, vya kudumu. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, karani wa bima aliyekuja likizo na hajui kuondoka, akasema yeye angeleta viti vya plastiki tu, yakaisha. Plastiki!

Mama akasema tutaona. Kisha akasema jambo zito: chumba chake cha mbele, kile kinachotazama barabara, ufunguo atampa yule atakayeonyesha kwamba ana mikono.

Chumba hicho lazima kiwe karakana yangu. Mke wangu ameshaniambia mashine zangu zitoke chumbani mwetu kabla ya mwisho wa mwezi, au nitoke nazo. Hatanii. Juzi alikanyaga bisibisi pekupeku.

Nimeazima msumeno wa mnyororo kwa fundi mashine wa pale kona. Kanipa na cheni mpya, bado imo kwenye pakiti. Akataka kunionyesha inavyovalishwa. Nikamwambia asijisumbue, mimi si mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Cheni ya msumeno ina roho mbaya. Unaishika huku, inajikunja kule. Fundi alisema nivae glavu. Nimezivaa, baada ya vidole viwili kutoka damu. Zilizopatikana ni zile za mke wangu za kuepulia sufuria, zenye maua. Mwanyumba akauliza kutoka barazani kama naoka keki.

Nikafungua nati mbili, nikatoa kifuniko, nikaipitisha cheni kwenye gia na kuizungusha kwenye ule upanga wa chuma, nikafunga. Asubuhi nzima! Nikawasha. Moshi. Mashine inalia, gogo linafuka, mkato hakuna, mkwaruzo tu. Nikatangaza kwamba huu si mti wa kawaida, ni mbao adimu, ngumu kama chuma. Mama mkwe alifurahi mno. Akamwita jirani aje ashuhudie utajiri wake.

Mke wangu akaja na kanga begani, akainama, akasema cheni nimeivalisha kinyume. Eti meno ya juu ya upanga yatazame mbele, kwenye ncha, na kuna mchoro kwenye kifuniko hata kipofu angeuona. Tena akanizuia nisiguse kitu mpaka nizime mashine na kuchomoa waya wa plagi ya injini. Nikasema nilikuwa nafanya majaribio. Jirani alikuwa bado amesimama palepale.

Jumatano, 5 Machi

Cheni imegeuzwa. Sasa imelegea. Mkato mmoja tu ikachomoka na kunichapa buti. Namshukuru aliyeshona buti. Nikaikaza mpaka spana ikagoma, basi nayo cheni ikagoma kuzunguka. Nikaivuta, nikaibembeleza, nikaitukana. Ng'o!

Fundi alikuwa anapita. Akasema cheni isining'inie chini ya upanga, lakini ukiivuta kwa mkono wenye glavu iteleze. Akakaza kidogo, akaivuta, ikateleza. Akajaza na oili ya cheni, ambayo nilidhani ni ya akiba. Mwanyumba alipiga makofi. Yote ya fundi.

Jioni nikakata kigoda cha kwanza kwa kasi, nikapitiliza hadi mchangani. Meno yote butu. Mke wangu akayatazama meno, akarudi jikoni. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kunoa. Fundi kanipa tupa ya mviringo na maagizo marefu. Jino moja linatazama kulia, linalofuata linatazama kushoto. Unanoa yote ya upande mmoja, kisha unageuka na kunoa ya upande wa pili, kila jino idadi ileile ya kupitisha tupa. Tano huku, tano kule. Akarudia mara tatu, kana kwamba naenda mtihani.

Upande wa kwanza nimeunoa vizuri mno. Mara tano kila jino, mengine hata nane kwa raha zangu. Nilikuwa nimekaa nikiipa baraza mgongo.

Shida ni upande wa pili. Ili kuunoa ningelazimika kugeuka, uso kwa uso na mwanyumba, amekunja nne, ana chai, ana maoni. Nilijaribu. Jino la kwanza tu, akauliza kama napiga zeze. Nikakusanya vyangu. Nusu ya meno makali inatosha kukata mti uliokufa.

Ijumaa, 7 Machi

Msumeno unakwenda kombo! Naanza mkato wima, ukifika katikati unajipinda kushoto kama una miadi huko. Mke wangu akauliza kama nilinoa pande zote mbili. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akasema basi, akaenda zake.

Lakini kichwa changu hakilali. Hesabu ni hii: mkato wa kwanza unapinda kushoto. Nikihamia upande wa pili wa gogo, mkato unaofuata utapinda kushoto kwangu, yaani kulia kwa gogo. Kosa huku, kosa kule, jumla sifuri! Nikakata hivyo kutwa nzima, mkato huku, mkato kule. Kumi na viwili vimetimia. Kile cha Jumatano nimekifanya kuni, kilikuwa hakifanani na vingine.

Vyote viko juu upande mmoja, chini upande mwingine. Bila shaka ni ua ndio wenye mteremko.

Jumamosi, 8 Machi

Siyo ua.

Wamama wamekuja kumi na wawili, wote wa heshima zao. Wameketi sebuleni, sakafu ya saruji, nyoofu. Aliyetangulia kuteleza ni mweka hazina. Akajirudisha juu, akateleza tena. Punde wote walikuwa wamekaza miguu sakafuni, kila mmoja ameegemea bega la jirani yake. Katibu alikuwa anasoma taarifa kwa meno yaliyoumana. Mwanyumba akaenda kuchukua pima maji, kile kipimo cha mafundi cha kuonyesha kitu kilicholala upande. Sijui kaitoa wapi, karani wa bima! Akaipachika juu ya kigoda alichokuwa amekihama mweka hazina na kumwita kila mtu aje aone.

Mkutano ambao kwa kawaida huchukua alasiri yote umekwisha kwa dakika arobaini. Mama mkwe alinitazama tu, akasema ahsante mwanangu, umejitahidi. Nimeona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilitaka sana aseme kitu kingine.

Baadaye mke wangu akachukua msumeno, akavaa glavu zake za maua, akakaa akitazama baraza. Akanoa upande wa pili akihesabu kwa sauti, moja mpaka tano, jino kwa jino. Mwanyumba akafungua mdomo kusema kitu. Mke wangu akanyanyua macho. Mwanyumba akaufunga. Kisha mke wangu akakata kigoda kimoja, kimenyooka kama meza. Mama mkwe akakikalia na hakuinuka mpaka magharibi. Ufunguo wa chumba cha mbele ukatolewa kwenye kibindo. Amepewa mke wangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Kwanza, nusu ya meno yale niliyanoa mimi, kwa hiyo ufunguo ni wetu sote. Mke wangu anasema mashine zangu zinaweza kukaa huko, na mimi nitaingia kwa kubisha hodi.

Pili, na hili hakuna aliyeliona: wageni waliondoka mapema! Mwanyumba ameongeza likizo wiki nyingine. Kigoda kimoja tu cha kuteleza barazani, mahali pa kiti chake, na Jumanne atakuwa anafunga mizigo. Vyangu kumi na viwili vimeshapasuliwa kuni, kwa hiyo nakata kipya. Nimebisha hodi, nimepewa msumeno kwa maelezo kwamba naufanyia usafi. Nimemsikia mke wangu akinikumbusha pande zote mbili, na glavu.

Glavu sijaziona. Nimekaa na tupa, nimeipa baraza mgongo, nanoa upande ule ninaoujua. Jino la tatu sasa. Kidole cha kati kimeanza kutoka damu, ila si sana.