Chapati za Ogwal na Joto la Kompyuta Yangu

Jumatatu, 4 Agosti
Kompyuta imezimika tena. Mara ya tatu leo. Nimeweka programu ya kupima joto la ndani, namba inakaa pembeni ya skrini: 97. Ikifika 100, giza. Video ya harusi ya Naila inahitaji saa tatu mfululizo ili ikamilike. Mashine inanipa dakika arobaini. Baba yake, Mzee Hamdun, anaitaka Jumamosi saa kumi, jamaa wote wakiwa wamekaa. Nikikosa, harusi za mabinti wanne waliobaki zinakwenda kwa mwingine. Na kazi hii nilijifundisha mwenyewe, kwa kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe, parafujo kwa parafujo.

Nimempigia fundi Shakib. Akauliza kama kuna kitu kimefunika matundu ya juu. Nikamwambia hakuna. Kipo kitambaa cha mama mkwe tu, alichokifuma kwa uzi mzito, chenye vishada. Hicho sikumtajia. Si kitu, ni heshima.

Jumanne, 5 Agosti
Feni ya mezani mbele yake: 96. Chupa mbili za barafu ubavuni: 96, na meza imelowa. Mke wangu Moreen akauliza, Baba Travis, kama unauguza mgonjwa si umpeleke hospitali ya Mulago. Naandika joto kila robo saa kwenye daftari la kwaya.

Jumatano, 6 Agosti
Mhalifu amepatikana. Ogwal anakaanga chapati chini kabisa ya dirisha langu. Saa nne: chapati 20, digrii 88. Saa sita: chapati 60, digrii 92. Saa nane: chapati 100, digrii 96. Kila chapati kumi, digrii moja. Nimeshuka kumwonyesha. Akalisoma daftari hadi mwisho, akasema kazi nzuri ssebo, bwana mkubwa, lakini zile tatu ulizokula wewe mbona hazimo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Ogwal kwamba pale stendi ya boda wateja ni mara tatu ya hapa. Nimewahesabu. Akasema sigiri yake ya makaa ni nzito na mgongo unamsumbua. Nikajikuta nasema nitabeba mimi.

Jioni 97. Imebaki siku moja na nusu.

Ijumaa, 8 Agosti
Sigiri, meza, mwavuli, ndoo ya ngano. Safari nne, Ogwal akitangulia mikono mitupu kama bwana harusi. Kurudi nikakuta Moreen amechukua kitambaa kukifua. Mama yake anakuja Jumapili, asikute vumbi. Kompyuta imebaki uchi. Nimeona haya, nikafunga mlango wa sebule.

Namba: 61. Sitini na moja! Baada ya saa tatu kamili za kazi, video imekamilika.

Nimempigia Shakib kumfundisha habari ya chapati. Akauliza tena kuhusu yale matundu. Watu wenye vyeti hawapendi kushindwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee Hamdun amelia. Naila amelia. Shangazi ambaye kamera yangu ilimkata kichwa naye amelia. Nimepewa video ya posa ya Taqwa, binti wa pili, niikabidhi Jumatano. Nikipeleka kwa wakati, harusi zote nne ni zangu.

Jumapili, 10 Agosti
Mama mkwe amefika. Ameleta kitambaa cha pili, kizito kuliko cha kwanza. Kwetu zawadi ya mkwe haiwekwi kabatini. Nimevitandika vyote viwili mwenyewe, kingo sawa kwa sawa. Akafurahi mpaka akaniombea.

Nikawasha, nikaanza posa ya Taqwa. Dakika ishirini na mbili: 100. Giza.

Nimekimbia hadi stendi. Ogwal yuko palepale, sigiri palepale, foleni ya watu kumi na mmoja. Akanishukuru mbele yao, akaniita mshauri wake. Kwa hiyo hakurudi kwa siri.

Nimerudi, nikasimama dirishani na kufikiri kwa utulivu. Ng'ambo ya barabara, Ayoo anachoma mahindi.

Nimefungua ukurasa mpya wa daftari.