Tangulia, Mzee

Jumatano, 6 Agosti

Mambo yameiva! Baba yake mchumba wangu ametamka: jibu la posa atalitoa tukimaliza naye ile njia ya miguu ya pwani, siku tatu, kulala nje. Nikajikuta nimesema naijua kama kiganja changu na nitawaongoza. Sijawahi kuikanyaga. Lakini bahari kulia, nchi kavu kushoto, utapoteaje?

Mchumba wangu ni muuguzi, ana macho ya kupima homa kwa mbali. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mwanaume aliyelala miji mitano hatishwi na mchanga.

Hema nimeshona mwenyewe, maana kazi yangu ni makochi. Mabaki ya ngozi bandia, rangi ya damu ya mzee, na vifungo kama sofa la waziri. Zito! Lakini zuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumeanza watu wanne: mimi, mchumba, Mzee, na shemeji yangu, kaka yake mchumba, wakala wa bima. Hema la Shemeji ukilirusha linafunguka lenyewe. Amelirusha mara mbili bila sababu, Mzee akiangalia.

Mwanzo wa njia kuna ubao wa saa za maji kupwa na kujaa, kwa sababu huko mbele ipo rasi isiyopitika ila maji yakiwa yametoka. Mchumba alikuwa akimfunga Mzee bandeji kidoleni. Shemeji akaupiga picha ule ubao. Huyu ananipokonya uongozi mchana kweupe! Nikatangaza kwamba hewa ya chumvi inaua simu, nikamfungia yake kwa nailoni na gundi ya makochi, tabaka tatu. Akanishukuru, maskini. Nikasema mimi bahari naisoma kwa macho.

Mzee akakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika kwenye rasi maji yakiwa mbali kabisa. Chini ya jabali kuna ukanda wa mchanga, upana wa kitanda. Shemeji akataka kuhakikisha saa za maji kwenye ile picha, akaanza kung'ata nailoni. Gundi yangu haing'atiki. Nilijivuna kidogo, kisha nikaacha.

Sasa mimi nimtangulie baba mkwe, nimpe mgongo, tena mgongo wenye begi? Sikulelewa hivyo. "Tangulia, mzee." Akasema kiongozi ndiye hutangulia. Nikasema haiwezekani, baba. Akasema yeye ni mgeni tu kwenye msafara wangu. Nikarudi nyuma hatua mbili kwa heshima. Yeye akarudi tatu! Mchumba akapaza sauti: "Jamani, mnapita au mnaoana nyinyi?"

Baada ya saa nzima ya kurudishana nyuma, tukakubaliana twende kwa ubavu, tukitazamana, kama kaa, asiwepo wa kumpa mwenzake mgongo. Katikati ya njia maji yakatufika magotini. Mbele pamefungwa, nyuma pamefungwa. Tukaparamia kibao cha mwamba, wote wanne, saa sita nzima.

Shemeji akarusha hema lake. Likafunguka lenyewe, likaenda zake lenyewe na upepo. Tukajifunika langu. Mawimbi yakapiga, hata tone halikupenya.

Lakini Mzee alikuwa anatetemeka. Hapo nikaogopa kwelikweli. Mtu wa watu, miaka sabini, na nimemleta mimi. Nikamvika koti langu, nikaipakata miguu yake na kuisugua, na kinywa kikafunguka chenyewe: sijawahi kufika hapa, bahari siisomi, hata gazeti natazama picha. Ninyimeni mchumba, ila huyu mzee afike kwake.

Mzee akaiweka sawa kofia yake. Kisha akasema alifanya kazi bandarini miaka thelathini na moja, akiandika vipimo vya maji. Kwamba yanageuka aliona tangu niliporudi nyuma mara ya kwanza. Nikauliza mbona hakusema. "Nimkosoe mkwe wangu mbele ya mchumba wake? Adabu hiyo?"

Tukatazamana, wajinga wawili wenye adabu. Akacheka mpaka kofia ikadondoka baharini. Mimi nilikuwa bado kwenye lile neno, mkwe. Sikuligusa, lisije likaruka.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetoka salama. Jibu ni ndiyo! Mzee amesema anayeshona vizuri na kusema kweli akibanwa anatosha, mengine binti yake atayanyoosha. Mchumba amesema mkono wake umeshaanza kuwasha. Shemeji bado anaifungua simu.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimetambulishwa kwa baba mkubwa, kaka yake Mzee, anayekaa ng'ambo ya mto. Nimeapa moyoni: kazi yangu ni kusikiliza tu. Nimesikiliza chai nzima!

Halafu baba mkubwa akaanza kulalamika. Mwendesha mtumbwi ameumia mgongo, sasa siku ya harusi wazee watavukaje? Watu wakatazama vikombe vyao. Nikaona mkono umenyooshwa juu. Mchumba anautazama, Mzee anautazama, nami nikautazama. Ulikuwa wangu.

Nimewaambia kasia nimepiga tangu utotoni. Kesho asubuhi namtafuta mtu anionyeshe linashikwa upande gani.